Siku Moja Ina Wenyewe Wengi

Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa karani wa masjala katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kutunza majalada ya wafanyakazi, na katika kila jalada, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, palikuwa na nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Nafasi ile ndogo ilinisumbua kuliko kurasa zote zilizofuata. Mzee mmoja wa idara ya kutia rangi aliniambia kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Mwingine alisema kwamba Mjerumani alipoondoka yeye alikuwa anaota meno. Wa tatu, aliponiona nimekunja uso, alinihurumia akasema, "Andika yoyote, mwanangu. Siku zote ni za Mungu." Basi wazee wa namna hiyo niliwaandikia mwaka wa kukisia, na mahali pa siku na mwezi nikapiga mstari.

Mzee yule wa tatu alikuwa amesema neno kubwa, lakini mimi sikulisikia. Ilinichukua miaka mingi kulisikia, na aliyenifundisha ni binti yangu, kifungua mimba wetu, aliyezaliwa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja huko Magomeni, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Aliyepata kuishi katika nyumba za namna hiyo hahitaji maelezo. Jiko lako na la jirani yako yametengana kwa hatua mbili tu. Akikaanga samaki wewe unajua, nawe ukigombana na mkeo yeye anajua. Furaha ya chumba kimoja huingia katika vyumba vyote, na msiba vivyo hivyo. Chumba cha mbele, mkono wa kulia, kilikuwa cha mjane mmoja mwenyeji wa Unguja, ambaye kutwa alikaa barazani akishona kofia za viua. Wapangaji wote tulimwita Bibi, wala sikumbuki kusikia mtu akimwita kwa jina lake.

Mkunga aliitwa usiku, na kabla jua halijachomoza mke wangu alikuwa amejifungua salama. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kutoka Kisarawe kumngojea mjukuu wake, ndiye aliyetoka kunipa habari. Nilimwadhinia mtoto sikioni. Miongoni mwa majirani, Bibi wa chumba cha mbele ndiye aliyempakata wa kwanza, naye akasema kwamba nyota njema huonekana alfajiri. Ilikuwa masika na ua ulikuwa tope tupu, lakini jioni wanawake wa nyumba nzima walijipanga hapo na majiko yao, wakapika wali na kuku, na vigelegele vyao vikasikika mtaa wa pili.

Sikumbuki tena ni saa ngapi habari zilipotufikia. Nakumbuka redio ya jirani, nakumbuka mtu akisema "Nyamazeni!", kisha nakumbuka kimya. Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alikuwa ameuawa kwa risasi jioni ile huko Kisiwandui, katika makao makuu ya Afro-Shirazi, alipokuwa akicheza bao na wenzake. Bibi alianguka pale pale mlangoni pake. Alikuwa na ndugu mjini Unguja, wala hakujua wako katika hali gani.

Mama yangu hakungoja kuambiwa. Aliwanyamazisha wanawake, akayamwagia maji makaa, akapakua chakula chote cha sherehe akakipeleka chumba cha mbele, akalala huko sakafuni. Mtoto wangu alilia sana usiku ule, na kila alipolia mke wangu alimwahi kwa ziwa ili sauti yake isimfikie aliyefiwa. Asubuhi mama aliniambia, "Mwanangu, siku hii si ya kuchezewa ngoma."

Alisema hivyo kwa adabu ya ujirani. Lakini neno la mzazi likitamkwa siku ya msiba huwa zito, na sisi tuliligeuza kuwa sheria. Mwaka uliofuata hatukufanya lolote, na mwaka wa pili vivyo hivyo. Wadogo zake walipozaliwa, wao walipikiwa maandazi na kununuliwa nguo kila siku zao zilipofika. Yeye alipata nguo yake, lakini siku nyingine, kimya kimya, kama mtu anayelipwa deni la siri.

Mwaka 1982 alikuwa anatimiza miaka kumi. Ulikuwa wakati mgumu, na msomaji wa umri wangu ataukumbuka: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na khanga zikiwa njiani kuja dukani, habari zake zilitangulia gari. Siku mbili kabla ya tarehe yenyewe binti yangu alirudi kutoka shuleni, akaweka mfuko wake wa madaftari chini, akasimama mbele yangu. Nilikuwa nasoma gazeti. Akasema, "Baba, mimi sikumuua mtu."

Nikamwuliza ana maana gani. Akanieleza kwamba mwalimu alikuwa amewafundisha habari za tarehe 7 Aprili, naye kwa kujivunia aliinua mkono akasema kwamba hiyo ndiyo siku aliyozaliwa. Wakati wa mapumziko mwenzake mmoja akamwambia kwamba basi yeye ni mtoto wa nuksi: ameingia yeye, mzee ametoka. Wenzake wakacheka. Yeye hakuweza kucheka, kwa sababu alipokumbuka jinsi siku yake inavyopita kimya nyumbani, aliona kwamba huenda sisi wazazi wake tunaamini vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, ningependa kuandika kwamba nilimjibu vema. Sikumjibu vema. Nilimwambia aende akamsaidie mama yake jikoni, nikalirudia gazeti langu ambalo sikuona tena hata herufi moja.

Usiku ule sikupata usingizi. Kesho yake nilinunua daftari nene, na Jumamosi iliyofuata nikaenda Maktaba Kuu ya Taifa. Nia yangu ilikuwa moja tu: kutafuta jambo jema lililotokea tarehe 7 Aprili nimpelekee mwanangu, kama mtu anavyopeleka shahidi mahakamani. Nililigawa daftari sehemu mbili, kurasa za kushoto kwa waliokufa na mabaya mengine, kurasa za kulia kwa waliozaliwa na mema.

Shahidi wa kwanza hakuwa mbali. Tarehe 7 Aprili 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kufanya kazi, na tangu mwaka 1950 tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Afya Duniani. Nilimwita binti yangu nikamwonyesha kovu la chanjo ya ndui mkononi mwangu. Ugonjwa huo, uliokuwa ukiua na kupofusha watu tangu enzi za mababu, ulikuwa umetangazwa kutoweka duniani mwaka 1980, na mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa kijana mmoja wa Merka, nchini Somalia, mwaka 1977, naye akapona. "Kazi hiyo," nikamwambia, "iliongozwa na shirika lililozaliwa siku yako." Alilitazama kovu, akaligusa kwa kidole, akauliza, "Na siku hiyo hakufa mtu mwingine?"

Hilo ndilo lililokuwa swali, na daftari halikunisaidia kulikwepa, maana kurasa za kushoto zilijaa upesi kuliko za kulia. Tarehe 7 Aprili 1803 Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa akawaongoza watumwa wenzake wa nchi inayoitwa leo Haiti, alikufa mfungwa katika ngome ya Joux, kwenye milima ya baridi huko Ufaransa. Hakuuona uhuru wa nchi yake, uliotangazwa tarehe 1 Januari 1804, kabla hata miezi tisa haijatimia.

Kisha nikakuta jina la Josina Machel. Alikuwa binti wa Msumbiji aliyejiunga na wapigania uhuru, akapata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, akashughulikia malezi ya watoto waliopotelewa na wazazi vitani, na mwaka 1969 akafunga ndoa na Samora Machel huko Tunduru. Alifariki hapa hapa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Nilipoliandika jina lake mkono ulisita. Siku aliyokufa nilikuwa katika mji huu huu, nikienda kazini na kurudi, wala sikujua. Mwaka mmoja kamili kabla ya kuuawa Mzee Karume na kuzaliwa kwa mwanangu, chumba kingine katika nyumba ile ile kilikuwa na msiba, nasi tulikuwa tukisikiliza redio yetu.

Lakini watu wa Msumbiji walifanya jambo lililonikalisha kitako. Tarehe aliyokufa Josina waliifanya Siku ya Wanawake wa Msumbiji. Kila mwaka wanawake hujifunga kapulana zao, huweka maua, kisha huimba na kucheza. Nikalichukua daftari hadi Kisarawe kwa mama, mwezi Machi 1983, nikamsomea ukurasa ule. "Mama," nikasema, "watu hawa wamefiwa, na wanaicheza ngoma siku ile ile."

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Waliocheza ni wafiwa wenyewe. Mfiwa akisema tuimbe, imbeni. Mimi sikukataza furaha, mwanangu. Nilikataza kumpita mwenye msiba kama hamkumwona. Je, wewe ulikwenda kumwuliza Bibi?"

Sikuwa nimekwenda. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeishika amri ambayo mwenye msiba hakuitoa.

Sisi tulikuwa tumekwisha hamia Ilala, lakini Bibi alikuwa bado Magomeni, chumba kile kile, macho yamepungua nguvu na kofia hashoni tena. Nilikwenda na binti yangu. Tulimwamkia, akatuitikia, tukaketi mkekani, nami nikamweleza yote, hata lile neno la nuksi. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema:

"Usiku ule mama yako alipozima majiko alinisitiri, na Mungu atamlipa. Lakini asubuhi yake nilingoja niletewe mtoto, sikuletewa. Siku ya pili sikuletewa. Mkapita mlangoni pangu naye mmemfunika khanga. Nikadhani mnaona mikono yangu ina msiba. Baba, siku ile mimi nilikuwa na mambo mawili. Nyinyi mkanichukulia moja."

Akamwita binti yangu akaribie, akampapasa uso kwa vidole vyake, akamwuliza anasoma darasa la ngapi.

Tarehe 7 Aprili ya mwaka ule tulikwenda Magomeni sote. Mama alikuja kutoka Kisarawe na kuku wawili. Kwanza tulisoma Fatiha kwa marehemu wote wa siku ile, kisha tukala vitumbua vya Bibi, vichache, kwa kuwa sukari ilikuwa haba, na mwisho wanawake wakapiga vigelegele vilivyokuwa vimekatizwa mwaka 1972. Huo ndio utaratibu tuliouweka nyumbani kwetu tangu siku ile: kwanza marehemu, kisha mlo, kisha vigelegele.

Kuanzia hapo nililijaza daftari kwa moyo mwepesi, na kurasa za kulia nazo zikapata watu. Niliandika jina la Francis Xavier, padri Mjesuiti, aliyezaliwa huko Navarra tarehe 7 Aprili 1506. Siku aliyotimiza miaka 35, tarehe 7 Aprili 1541, alisafiri kwa meli kutoka Lisbon kwenda Bara Hindi, na njiani alikaa Msumbiji, akapita Malindi, katika pwani yetu hii. Niliandika la Gabriela Mistral wa Chile, aliyezaliwa mwaka 1889, mwalimu wa shule na mshairi, ambaye mwaka 1945 alikuwa mtu wa kwanza wa Amerika ya Kilatini kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Nikaandika la Billie Holiday, mwimbaji Mmarekani Mweusi, wa mwaka 1915, na la Ravi Shankar, mpiga sitari aliyezaliwa Banaras mwaka 1920. Kila tarehe 7 Aprili, baada ya Fatiha na kabla ya chakula, nilimsomea binti yangu jina moja jipya. Mistral ndiye aliyempenda kuliko wote, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kuamua kuwa mwalimu.

Nilijifunza hesabu pia. Mwaka una siku 365, na mwaka mrefu 366, na kwa hesabu ya leo wanadamu wamepita bilioni 8. Ukiwagawa, kila tarehe inapata watu wapatao milioni 22 waliozaliwa siku hiyo. Tena wanahesabu wanasema kwamba katika kundi la watu 23 tu, uwezekano wa kuwapata wawili waliozaliwa tarehe moja unazidi nusu. Sikuamini. Nikafungua majalada ya zamu moja pale kiwandani, yale yenye tarehe kamili, nikawapata mafundi wawili wa siku moja, waliokuwa wamesimama kwenye mashine jirani miaka sita bila kujua. Nilipowaambia walicheka sana. Kisha mmoja akasema kwamba siku hiyo ndiyo aliyofiwa na baba yake, na mwenzake akaacha kucheka, akampa mkono.

Nilidhani nimekwisha kuhitimu. Kisha ukaja mwaka 1994. Jioni ya tarehe 6 Aprili, ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi kutoka mkutanoni hapa Dar es Salaam ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Kesho yake, Alhamisi tarehe 7, Waziri Mkuu wa Rwanda, Bibi Agathe Uwilingiyimana, akauawa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakawa yameanza. Katika siku mia moja hivi waliuawa zaidi ya watu 800,000, pamoja na Wahutu waliokataa unyama ule. Wahenga walisema kifo cha wengi arusi. Sidhani waliwahi kuona kifo cha wingi ule.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, njia ya Rusumo. Mwisho wa mwezi ule alikuwa Ngara, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka kuingia Tanzania katika muda wa siku moja. Aliporudi Dar es Salaam alikaa siku tatu bila kusema. Siku ya nne alisema tu kwamba mto Kagera ulikuwa ukichukua watu, akanyamaza tena.

Binti yangu wakati huo alikuwa chuo cha ualimu. Mwaka uliofuata, kabla ya siku yake, aliniandikia barua fupi: "Baba, mwaka huu usisome daftari." Nilimtii. Kwenye ukurasa wa kushoto niliandika mwaka na jina la nchi, basi. Lakini nilimjibu barua yake, na katika jibu hilo nilimwandikia yale niliyopaswa kumwambia akiwa na miaka kumi, badala ya kumtuma jikoni: kwamba siku haina nuksi kwa kuwa siku haina mkono. Panga halikuinuliwa na kalenda, wala risasi ya Kisiwandui haikufyatuliwa na tarehe. Yaliyofanywa yalifanywa na watu, nao ndio wa kuulizwa.

Miaka ilipita. Nilistaafu, nikajenga nyumba yangu Tabata, nami nikawa mwenye nyumba mwenye wapangaji. Mmoja wao, kuanzia mwaka 2003, alikuwa mama mmoja wa Kigali aliyekuwa akinunua bidhaa Kariakoo na kuzipeleka kwao. Hatukumdadisi habari zake, maana mgeni husimulia apendapo mwenyewe. Ikafika tarehe 7 Aprili 2004, mwaka wa kumi tangu mauaji, siku ambayo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitangaza kuwa ya kimataifa ya kuyatafakari. Mimi hilo la Umoja wa Mataifa sikulijua. Binti yangu alikuja na mumewe na watoto wao. Uani palikuwa na sufuria la pilau, na wajukuu wakiimba. Mke wangu ndiye aliyetambua kwamba viatu vya mpangaji wetu vipo mlangoni pake, giza limeingia, na taa haijawashwa.

Binti yangu hakuniuliza la kufanya. Alizima redio, akawaambia watoto wahamie barazani, akabisha hodi, akaingia. Aliyoyafanya bibi yake mwaka 1972 aliyafanya yeye, na akaongeza lile tulilolisahau sisi: alimwuliza mfiwa. Mama yule alimwambia kwamba hapendi nyumba nzima inyamaze kwa ajili yake. Alitaka tu mtu mmoja akae naye mpaka mshumaa wake uishe. Wakakaa. Mshumaa ulipokwisha alitoka, akala sahani ya pilau pamoja nasi, na alipoambiwa kwamba ni siku ya kuzaliwa ya binti yangu, alimshika mikono yote miwili akamwombea kwa Kinyarwanda. Hatukuelewa maneno, lakini tuliitikia "Amina".

Mwaka 2022 binti yangu alitimiza miaka hamsini. Tarehe yake iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa miezi yetu ya Kiislamu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na kwa muda wa miaka huipitia kalenda yote. Basi tulikutana kwa futari. Mama yangu na Bibi walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Baada ya kula, binti yangu aliliomba daftari, ambalo kwa sasa limeshonwa upya mara mbili, akavaa miwani, akalisoma toka mwanzo hadi mwisho. Alipolifunga akaniuliza, "Baba, mimi nimo ukurasa gani?"

Nilicheka, nikalichukua nimwonyeshe. Nikapekua. Nikarudia kupekua. Hakuwamo. Kwa miaka arobaini nilikuwa nimewaandika mtakatifu wa Navarra, mwimbaji wa Marekani na mpiga sitari wa Banaras, na mtoto ambaye daftari lile lilianzishwa kwa ajili yake sikumwandika. Mimi, karani wa masjala, nilikuwa nimepiga mstari mahali pa mwanangu mwenyewe.

Nilitaka kujitetea kwamba daftari ni la mambo makubwa, lakini neno lilinikwama. Nilikumbuka kwamba niliwahi kumtuma jikoni. Nikaomba kalamu. Yeye mwenyewe alinionyesha mahali: ukurasa wa kulia, mkabala na jina la Mzee Karume, palipokuwa patupu tangu mwanzo. Nikaandika jina lake kamili, na jina la mama yake, na saa ya alfajiri, na kwamba ilikuwa masika, na kwamba Bibi wa chumba cha mbele alimpakata wa kwanza. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, kwa hiyo mwandiko si ule wa kazini. Alisoma, akaona kosa moja la herufi, akaliacha.

Mwaka uliofuata, 2023, tarehe 7 Aprili ilikuwa Ijumaa kama ile ya mwaka 1972. Ilikuwa Sikukuu ya Karume. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na majirani zetu Wakristo walikuwa kanisani. Nasi tulikuwa tumefunga Ramadhani. Huko Msumbiji wanawake walikuwa na siku yao, na huko Rwanda watu walikuwa wameanza maombolezo yao. Alasiri mjukuu wangu mdogo, aliyekuwa amekaa na kalenda ya ukutani mapajani, aliniuliza siku hii hasa ni ya nani.

Nilimkumbuka yule mzee wa tatu, ambaye nilimpigia mstari katika jalada lake. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba siku zote ni za Mungu, na sisi humo ni wapangaji. Kwa hiyo ukitaka kupiga ngoma yako, tazama kwanza kama mlango wa jirani umefungwa, na ukiwa umefungwa, usikae ukakisia, nenda ukabishe hodi.

Akatosheka, akaenda kuangalia kama tende zimekwisha kutengwa.